HASIRA YA SIKU TATU HAIWATOSHI BINTI ZETU WALIOKO UARABUNI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila baada ya miezi michache huingia video katika simu zetu. Binti amejifungia chooni, anaongea kwa sauti ya chini, anasema hajalipwa miezi sita, pasipoti anayo tajiri wake, anaomba Waislamu wamsaidie. Au ni jeneza linaloshushwa uwanja wa ndege, na karatasi inayosema moyo ulisimama. Tunaisambaza. Tunaandika "Innaa lillahi". Siku ya kwanza tuna hasira. Siku ya pili tunabishana kosa ni la nani. Siku ya tatu tumechoka kubishana, na ya nne imeingia video nyingine, yule binti tumemsahau.

Ndugu zangu, binti hawa hawakukosa watu wa kuwahurumia. Wamekosa watu wa kulishika jambo lao mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa baada ya mwakani, hata pale ambapo hakuna video. Bibi Aisha (R.A.) ametupokelea, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba amali anayoipenda zaidi Allah (S.W.) ni ile inayodumu hata ikiwa ni ndogo. Sisi hadithi hii tumeizoea kwenye sunna za usiku na kwenye kusoma juzuu. Leo nakuombeni tuiweke kwenye kupigania haki ya aliyedhulumiwa, kwa sababu haki za watu haziletwi na hasira. Zinaletwa na watu wasioondoka mlangoni.

TATIZO LENYEWE NI NINI?

Tuanze na neno "kafala". Katika fiqhi yetu ni neno zuri. Kafili ni mdhamini, mtu anayebeba jukumu la mwenzake. Anayemkafili yatima ameahidiwa kuwa karibu na Mtume (S.A.W.) Peponi. Lakini katika nchi za Ghuba, na pia Lebanoni na Jordani, neno hilo limepewa mfumo wa ajira ambao visa ya mfanyakazi inafungwa kwa mwajiri mmoja. Mfanyakazi wa ndani akiikimbia nyumba anayopigwa, mwajiri anaweza kuripoti kwamba ametoroka, na hapo yeye ndiye anayekuwa mkosaji. Anakamatwa, anazuiliwa, anarudishwa kwao mikono mitupu. Aliyenyimwa haki anamwogopa polisi kuliko aliyemnyima. Dhamana imegeuzwa kuwa kufuli.

Jambo la pili ni kwamba nyumba si kiwanda. Hakuna mkaguzi wa kazi anayegonga mlango wa jikoni. Na kwa miaka mingi sheria za kazi za nchi hizo ziliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Mwaka 2021 Saudi Arabia ilipolegeza masharti ili mfanyakazi aweze kubadilisha mwajiri, wafanyakazi wa ndani hawakuwamo. Wao wana kanuni zao za mbali, nje ya sheria kuu ya kazi.

Jambo la tatu ni pesa. Mwajiri huilipa ofisi fedha nyingi ili aletewe mfanyakazi. Binti akitaka kuondoka anaambiwa, "Nimekununua, rudisha pesa yangu kwanza." Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Walisimulia kunyang'anywa pasipoti, mishahara iliyopunguzwa au kuzuiliwa, na wengine kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilieleza kwamba Wakenya 89 walikufa Saudi Arabia katika mwaka ule na uliotangulia, zaidi ya nusu yao wakiwa wafanyakazi wa ndani.

Sasa isikilizeni hadithi qudsi iliyo katika Sahihi Bukhari. Allah (S.W.) ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni mtu aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akakhini. Wa pili ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake yote, asimpe ujira wake.

Waangalieni hao watatu mmoja mmoja. Ajenti anayekuja mtaani na kanzu na tasbihi, anaapa Wallahi kazi ni ya kulea mtoto mmoja, na kumbe ni nyumba ya ghorofa tatu na watu kumi na tano: huyo ni wa kwanza. Ofisi inayompokea binti na kumpitisha kutoka nyumba hadi nyumba kwa malipo kama bidhaa: imeusogelea mlango wa wa pili. Na anayemzuilia mshahara ni wa tatu bila shaka. Mlolongo mzima wa safari ya binti yetu umo ndani ya hadithi moja. Basi asije mtu akasema haya ni mambo ya mashirika ya Wazungu. Haya yalikuwa yetu kabla hayajawa ya mtu yeyote.

HILFUL FUDHULI

Kabla Mtume (S.A.W.) hajapewa utume, akiwa kijana wa miaka kama ishirini hivi, alikuja Makka mfanyabiashara mgeni kutoka Zubayd, Yemen. Akamuuzia bidhaa Al-Aas bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi. Al-Aas akachukua mali na asilipe. Mgeni hakuwa na kabila pale mjini wala mtu wa kumsemea. Akapanda jabali la Abu Qubays, Makureshi wakiwa wamekaa pembezoni mwa Kaaba, akapiga ukelele wa kudhulumiwa.

Wangeweza kuguna, kumsikitikia na kwenda zao. Lakini koo kadhaa zilikusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan na kula kiapo: kila atakayedhulumiwa ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakaenda kwa Al-Aas, wakaitoa mali ya yule mgeni. Mtume (S.A.W.) alikuwepo katika kiapo kile, na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa kwacho katika Uislamu angeitikia.

Wanazuoni wa sira wanataja pia mtu wa kabila la Khath'am aliyekuja Makka na binti yake, na Nubayh bin Al-Hajjaj akamnyakua yule binti. Baba hakujua pa kwenda. Akaambiwa awaite watu wa Hilful Fudhuli. Akaita, wakaja na silaha zao, na binti akarudishwa kwa baba yake usiku uleule.

Yazingatieni haya. Yule baba alikuwa na mahali pa kuita kwa sababu kiapo kilikuwa kimeshawekwa kabla yeye hajafika. Kingekuwa ni hasira ya siku moja juu ya yule Mzubaydi, baba wa Khath'am angekuta watu wameshatawanyika. Na hata miaka mingi baadaye, Sayyidna Hussein bin Ali (R.A.) alipozozana juu ya mali na gavana wa Madina, alimwonya kwamba ataita kwa Hilful Fudhuli, na watu wakasimama tayari kumwitikia. Hilo ndilo tunalolikosa sisi. Mama wa binti aliye Riyadh au Maskati akiita leo, ataitikiwa na nani kwa jina na kwa anwani?

MANENO NINAYOYASIKIA

Wapo wanaosema, "Nani aliwatuma?" Nabii Musa (A.S.) alitoka Misri mkimbizi, akafika Madyan hana kitu, akawa mfanyakazi wa kuajiriwa ugenini. Someni Suratul Qasas kuanzia aya ya 23. Yule mzee aliyemwajiri alimtajia muda wazi, miaka minane, na kumi ikiwa Musa atapenda mwenyewe, kisha akamwambia kwamba hakusudii kumtaabisha. Wakamfanya Allah shahidi. Kutafuta riziki ugenini hakukuwa aibu kwa Nabii wa Allah, na mwajiri wake alituonyesha mkataba wa haki unavyokuwa. Binti anayeondoka leo mara nyingi ana ada ya mdogo wake, dawa ya mama yake, au watoto walioachwa na mume aliyekimbia majukumu. Kabla ya kuuliza kwa nini ameondoka, ulizeni nani alikuwa anamlisha.

Wapo wanaosema, "Amesafiri bila mahram, basi hayo ndiyo malipo yake." Suala la mahram lina mlango wake katika fiqhi, na wanazuoni wamelizungumza. Lakini hakuna mwanazuoni aliyesema kwamba mwanamke akisafiri bila mahram basi mshahara wake umekuwa halali kuliwa, au mwili wake kupigwa. Musichanganye milango. Dhulma ni haramu kwa kila aliyedhulumiwa.

Wapo wanaosema, "Tukisema tutawaaibisha Waislamu wenzetu." Al-Aas bin Wail alikuwa bwana mkubwa wa Makka, na hawakunyamaza kulinda sura ya mji. Mtume (S.A.W.) alituamuru tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na alipoulizwa dhalimu anasaidiwaje, akaeleza kwamba ni kwa kumzuia. Wapo waajiri wengi wema huko, wanaolipa kwa wakati na kuwapeleka wafanyakazi wao Umra. Kuwasema madhalimu hakuwapunguzii wema hao kitu. Na dini inaaibishwa na anayedhulumu chini ya paa lenye aya za Qur'ani ukutani.

WALIODUMU WALIPATA NINI

Mwaka 1995, mwezi wa Machi, Singapore ilimnyonga mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino, Flor Contemplacion, aliyetiwa hatiani kwa mauaji. Wananchi wake wengi waliamini hakutendewa haki, na serikali yao ililaumiwa kwa kutomtetea ipasavyo. Watu waliingia barabarani. Kufikia Juni mwaka uleule nchi ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wake walio nje. Wangeweza kuishia hapo, lakini hawakuishia.

Juni 16, 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Nambari 189 wa wafanyakazi wa ndani, unaotaka wapewe muda wa mapumziko, ujira wa kujulikana na haki ya kukaa na pasipoti zao. Mkataba ulihitaji nchi mbili kuuridhia ili uanze kufanya kazi. Uruguay ilitangulia, Ufilipino ikawa ya pili mwaka 2012, na mwaka mmoja baadaye ukaanza kutumika. Mwaka 2018, mwili wa mfanyakazi wa Kifilipino ulipokutwa ndani ya friza Kuwait, serikali yao ilizuia kupeleka wafanyakazi wapya hadi yakatiwa saini makubaliano yanayogusa hata pasipoti na simu ya mfanyakazi. Mwisho wa mwaka 2021 wakaanzisha wizara nzima ya wafanyakazi walio nje. Binti zao bado wanadhulumiwa, sitowadanganya. Lakini binti wao akiita, upo mlango wa kuubisha. Ulijengwa kwa zaidi ya miaka 25, sheria juu ya sheria.

Na huko Ghuba kwenyewe yamebadilika mambo. Kuwait ilipitisha sheria ya wafanyakazi wa ndani mwaka 2015: kazi isizidi saa 12 kwa siku, siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 30 kwa mwaka. Qatar ilifuata na sheria yake mwaka 2017, na mwaka 2021 ikaweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kinachowahusu wafanyakazi wa ndani pia. Sheria na utekelezaji ni vitu viwili, na pengo kati yake ni pana. Lakini asiseme mtu kwamba haiwezekani. Ni nchi za Kiislamu zimeiandika sheria hiyo kwa mkono wake.

Sisi je? Kenya ilipiga marufuku safari hizi mwaka 2014, kisha ikaja kuziruhusu tena. Kila likitokea janga, wanasiasa wanadai marufuku mpya. Marufuku inaonekana kama hatua kubwa lakini ni hasira ileile ya siku tatu iliyopigwa muhuri. Njaa haikuondolewa, basi binti anapitia nchi jirani, bila mkataba na bila ubalozi kujua yuko wapi. Mlango wa mbele ukifungwa, anayefaidika ni dalali wa mlango wa nyuma.

MSIKITI UFANYE NINI

Miradi huisha fedha zikiisha. Wabunge hubadilika. Msikiti haufungwi. Unafunguliwa mara tano kwa siku, na ndio maana naona jambo hili linaweza kudumu mikononi mwetu. Napendekeza haya, madogo ila ya kudumu.

Kwanza, daftari. Kila msikiti uwe na daftari la wanaosafiri: nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina la ajenti na la ofisi ya kule, jina na simu ya mwajiri. Likae kwa akina mama wanaoaminika, kwa sababu yapo mambo binti hatamwambia imamu. Ni amana, halisomwi barazani. Na kila mwezi mmoja wao awatafute walioko nje, hata kwa ujumbe mfupi. Anayekaa kimya miezi miwili aulizwe.

Pili, ushahidi wa mkataba. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inazungumzia kuandika na kushuhudia deni. Binti asiondoke mpaka mkataba umesomwa kwa lugha anayoifahamu mbele ya mashahidi wawili, na leseni ya ajenti imehakikishwa. Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Tanzania Bara kuna TaESA. Ajenti anayekataa kuulizwa, ameshajibu.

Tatu, barua. Kila mwaka, Ijumaa iliyo karibu na Juni 16, kamati iwaandikie mbunge na wizara inayohusika na kazi maswali yaleyale. Makubaliano mliyosaini na nchi za Ghuba yanasemaje, na kwa nini yasiwekwe wazi kwa Kiswahili? Ubalozi una maofisa wangapi wa kazi, na je, wapo wanawake miongoni mwao? Binti aliyekimbia analala wapi usiku wa kwanza? Ajenti wangapi wamefikishwa mahakamani? Mkataba 189 umefikia wapi bungeni? Majibu yawekwe, na mwakani yasomwe tena. Kiongozi humsahau anayepiga kelele mara moja. Hamsahau anayerudi na barua ya mwaka jana mkononi.

Nne, tushirikiane na waliotangulia. Vyama vya wafanyakazi wa ndani vipo, KUDHEIHA Kenya na CHODAWU Tanzania, na vina uzoefu wa mikataba na kesi. Hilful Fudhuli kilikuwa kiapo cha watu ambao wengi wao walikuwa hawajawa Waislamu, na Mtume (S.A.W.) bado alijivunia kuwemo. Haki haiulizwi dini.

Tano, waliorudi. Hawa ndio wanaojua, basi wao ndio waongoze. Lakini tunawapokeaje? Binti akirudi, mtaa unauliza alikuwa akifanya nini huko. Someni Suratun Nur aya ya 4 muone adhabu ya anayemsingizia mwanamke bila mashahidi wanne. Akirudi na mtoto, mtoto hana dhambi, na anahitaji karatasi za kuzaliwa kama mtoto yeyote. Uvumi wetu ndio unaowafanya wengine wavumilie kipigo kuliko kurudi nyumbani.

NA JIKONI KWETU?

Nimalizie na lililo zito zaidi. Yuko msichana wa kazi nyumbani kwako, ametoka bara au kijijini. Anaamka kabla ya alfajiri na kulala wa mwisho. Anakula nini, na anakula wapi? Mshahara wake unalipwa tarehe gani? Ana siku ya mapumziko? Simu yake anaishika nani? Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr kuhusu walio chini ya mikono yetu kwamba ni ndugu zetu: tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume miaka kumi na hakuwahi kusikia neno la kumkemea.

Hatuwezi kudai Riyadh kile tusichokitoa Majengo na Magomeni. Mama anayelia kwa sababu binti yake hajalipwa Jeddah, naye amemkawiza msichana wake miezi miwili, dua yake aipandishe vipi? Mkataba 189 unamhusu msichana wa jikoni kwako sawasawa na binti yako aliye Doha. Tukianza hapa, barua yetu kwa serikali itakuwa na uzito, kwa sababu itaandikwa na watu wanaotenda.

Ndugu zangu, nimeandika kirefu, lakini ninachokiomba ni kifupi. Ijumaa hii, baada ya swala, watu watano katika msikiti wako wakae, watatu wawe akina mama, wafungue daftari na waandike jina la kwanza. Mwaka ujao tarehe kama hii waulizane yaliyofanyika. Kidogo, lakini kisikatike.

Allahumma, Wewe ndiye msikiaji wa ukelele wa aliyedhulumiwa, ambaye baina ya dua yake na Wewe hakuna pazia. Walinde binti zetu walio ugenini, warudishe kwa wazazi wao salama na haki zao mikononi. Warehemu waliokufa mbali na kwao. Waongoze waajiri na uwazuie madhalimu. Na utujaalie sisi thabati, tusiwe watu wa kuwaka na kuzima. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Ukiisambaza, usiishie kusambaza.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.